Sukhilala hakubadilishwa

Kuna jambo moja kuhusu Mother India ambalo wapenzi wa picha za Kihindi hulitaja kama kichekesho, kisha wakapita. Mehboob Khan aliitengeneza hadithi ile mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1940, nyeusi na nyeupe, ikaitwa Aurat, yaani mwanamke. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1957, kwa rangi, na ndiyo hii tunayoijua. Kati ya mara mbili hizo ipo miaka 17. Mama alibadilishwa: Sardar Akhtar akatoka, akaja Nargis. Birju, mtoto mtundu, alibadilishwa: Yakub akatoka, akaja Sunil Dutt. Muziki ukatoka mikononi mwa Anil Biswas ukaenda kwa Naushad. Lakini mkopeshaji, yule Sukhilala mwenye meno ya kuchekea na macho ya kuhesabu, alichezwa na Kanhaiyalal mwaka 1940, na Kanhaiyalal huyo huyo akaitwa tena kumcheza mwaka 1957.

Nilikuwa nalo jambo hilo kwenye daftari langu kama nambari 7. Nilikuwa na orodha ya mambo kumi: Mother India ilitokana na nini, iliazima nini, kwa nani. Nia yangu, niseme ukweli, haikuwa safi. Muda mrefu nimekuwa nikiamini kwamba picha hizi walizozililia wazee wetu ni viraka vilivyoshonwa vizuri, na nilitaka kuonyesha uzi ulipopita. Jumapili moja nikapanda daladala nikaenda zangu Mwanakwerekwe kwa shangazi, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyeiona Mother India mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu, na kwa sababu kwake kuna televisheni kubwa.

Nianze na vile vilivyonipeleka, maana vyenyewe si vidogo.

Jina kwanza. Mwaka 1927 mwandishi wa Kimarekani, Katherine Mayo, alichapisha kitabu kilichoitwa Mother India. Kilikuwa kitabu cha kuwasema Wahindi: ndoa zao za utotoni, hali ya wanawake wao, uchafu, maradhi, na chini ya yote hayo hoja kwamba watu wa namna hii hawawezi kujitawala. Kilisomwa sana Uingereza na Marekani, kikachomwa moto India. Gandhi alikifananisha na ripoti ya mkaguzi wa mitaro ya maji machafu. Sasa fikiria, msomaji, miaka 28 baadaye serikali ya India huru inasikia kwamba Mehboob anatengeneza filamu yenye jina lile lile. Wizara zikashtuka, zikataka kuona hadithi yenyewe mwaka 1955, kabla ya lolote. Jibu la Mehboob na watu wake lilikuwa kwamba jina wamelichukua makusudi. Tusi lile lile, kinywa kingine.

Hapo ndipo orodha yangu ilipoanza kunisumbua kidogo. Ukiazima jina la kitabu kwa ajili ya kukizika, je, umekiiga? Leo ukitaja Mother India Darajani au Mombasa au Dar, hakuna anayemkumbuka Bi Mayo. Anakumbukwa Nargis na jembe mabegani.

Cha pili ni Pearl Buck. Mmarekani mwengine, aliyekulia China, aliyeandika The Good Earth mwaka 1931 na The Mother mwaka 1934. Inaelezwa kwamba rafiki yake Mehboob, Babubhai Mehta, ndiye aliyemtia habari za vitabu hivyo, na filamu ya The Good Earth ya mwaka 1937 ilikuwa imeonyeshwa duniani kote. Mehboob mwenyewe, kijana wa Gujarat aliyekimbilia Bombay kutafuta kazi ya uigizaji, skuli alisoma kidogo sana. Alihadithiwa. Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu nusu ya fasihi tunayoipenda huku kwetu ilipita njia hiyo hiyo ya mtu kumhadithia mtu.

Nilipolinganisha, mfanano upo wazi: mkulima maskini, mke mwenye subira ya jiwe, njaa, mafuriko, ardhi inayopenda na kuua. Lakini kuna tofauti moja niliyokuwa sijaiona mpaka juzi. Katika The Good Earth, jamaa wanatoka kwenye dhiki kwa bahati. Fujo zinatokea mjini, watu wanavamia nyumba ya tajiri, mke anapata vito vya thamani, na vito vile vinageuka shamba. Kwa Mehboob vito vinakwenda upande wa pili. Radha anaingia ndoani na bangili zake, na bangili zinakwenda kwa mkopeshaji. Mtoto wake Birju anakua na jambo moja kichwani, bangili za mama. Pearl Buck aliwapa wakulima wake mlango wa kutokea. Mehboob akauchukua mkasa, akauziba mlango.

Cha tatu nitakipitia haraka. Majina. Radha, katika hadithi za Kihindu, ni mpenzi wa Krishna. Mume wa Radha anaitwa Shamu, na mtoto Birju, na majina yote mawili ni ya kumwitia Krishna. Yaani mwanamke yule amezungukwa na Krishna pande mbili, mmoja anamkimbia na mmoja anamuua kwa mkono wake. Na aliyeyapanga haya ni Muislamu, pamoja na mtunzi wa muziki Muislamu, mwandishi wa mazungumzo Wajahat Mirza, na Nargis ambaye jina lake la kuzaliwa ni Fatima. Ukipenda kubishana na wale wanaosema kila watu wana hadithi zao na wasiziguse za wenzao, mfano ni huo.

Habari za moto uliowaka wakati wa kupiga picha, Sunil Dutt akajitosa kumuokoa Nargis, wakaoana mwaka 1958, kila mtu anazijua. Nimezitoa kwenye orodha.

Basi nikafika Mwanakwerekwe. Shangazi anakaa nyuma kidogo ya barabara kubwa, si mbali na soko. Siku za wiki huuza nguo za watoto za mtumba. Jumapili hushona kofia, zile za vitobo, na kofia moja humchukua wiki kadhaa. Nikamuamkia, akaitika, "Marahaba baba, karibu ndani, usivue viatu mlangoni watoto wa hapa wanavicheza." Akanitilia chai ya mdalasini. Nikamwambia nimekuja tutazame Mother India. Akacheka mpaka sindano ikamchoma.

"Tena na daftari?"

"Na daftari, shangazi. Nataka kuiandika."

"Kuna cha kuandika mule? Mule mna cha kulia tu."

Tukaanza. Shangazi hajui Kihindi, lakini nyimbo anazijua kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtoto anayehifadhi asichokifahamu. Bibi yangu, mama yake, ndiye aliyemzoesha. Zamani mjini kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Laura Fair ameyaeleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2018, Reel Pleasures, kinachohusu sinema za Tanzania, na kwa kweli ukisoma sehemu za Unguja utadhani anaandika habari za bibi yako. Wanawake wakitoka Ng'ambo kwa makundi, na mabuibui yao na watoto, wakajaza ukumbi wakalia kwa pamoja. Bibi alikwenda. Babu hakupenda. Kwa miaka nilidhani ni mambo ya dini, au wivu. Nitarudi hapo.

Harusi ya Radha ikaisha. Mama mkwe akaonekana amekopa rupia 500 kwa Sukhilala ili harusi ile iwe harusi. Masharti ya mkopo yakagombaniwa, wazee wa kijiji wakakaa, na wazee wakampa haki mkopeshaji: robo tatu ya mavuno, kila msimu, kama riba tu, na deni lenyewe liko pale pale. Sukhilala akatokea kwenye skrini amefurahi. Na mimi, kwa kujionyesha, nikaona hapa pazuri pa kumpa shangazi nambari 7.

"Unamuona huyu? Filamu hii ilitengenezwa mara mbili. Wengine wote walibadilishwa. Huyu kacheza zote mbili, miaka 17 mbali."

Shangazi akaweka kofia mapajani. "Huyu huyu?"

"Huyu huyu. Mkopeshaji yule yule, jina lile lile."

Nilitegemea acheke. Akatazama skrini kidogo. "Sasa wambadilishe kwa nini? Wakopaji ndo hubadilika."

Akaokota sindano akaendelea.

Nimekaa na maneno yale wiki tatu sasa. Mimi nilikuwa nimeliandika jambo lile kama habari ya uigizaji: Kanhaiyalal alikuwa hodari, Mehboob akamtaka tena, basi. Shangazi aliliona kama habari ya hadithi. Na nikaanza kuiangalia filamu upya kutoka kiti chake.

Ukiiangalia hivyo, chanzo cha Mother India hakimo kwenye orodha yangu. Si Mayo, si Pearl Buck, si Krishna. Mehboob alikuwa na kitu kimoja alichokuwa hajamaliza nacho tangu 1940, nacho ni deni. Kati ya filamu hizi mbili Waingereza waliondoka, bendera ikabadilika, nchi ikagawanyika, mipango ya miaka mitano ikaandikwa. Filamu ya pili inaanza kwa matrekta na mfereji mpya wa maji, na Radha, sasa kikongwe, anaitwa kuufungua. Kila kitu kipya. Halafu kumbukumbu inaturudisha nyuma, na anayetungoja kule ni yule yule, hata uso haukubadilishwa. Kama Mehboob alikusudia au hakukusudia, sijali sana. Kipo pale, na mtazamaji aliyewahi kudaiwa anakiona kabla ya mhakiki.

Sasa nirudi kwa babu.

Babu alikuwa na mikarafuu Dole. Si mingi. Kabla ya mimi kuzaliwa, na kabla ya shangazi kuzaliwa, sehemu ya mikarafuu ile iliwekwa rahani, na haikukombolewa. Aliyemkopesha alikuwa Muhindi mwenye duka. Haya hayakuwa mambo ya babu peke yake. Miaka ya 1930 wakulima wengi wa karafuu Unguja na Pemba, Waarabu kwa Waswahili, walikuwa wamezama kwenye madeni, na wakopeshaji wao wengi walikuwa Wahindi. Serikali ya Kiingereza ikapitisha sheria mwaka 1934 ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isipite kwa watu wengine bila ya ruhusa, sheria inayofanana na ile waliyoipitisha Punjab mwaka 1900 kwa sababu hiyo hiyo: mkulima, mkopeshaji, shamba linaondoka. Kisha mwaka 1937 biashara ya karafuu ikatiwa chini ya jumuiya ya wakulima iliyosimamiwa na serikali, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na kule India kwenyewe karafuu za Zanzibar zikasusiwa mpaka mapatano yalipofikiwa mwaka 1938.

Kwa hiyo tazama jinsi mambo yalivyokaa. Picha inatoka Bombay, imetengenezwa na Mgujarati. Inaonyeshwa Unguja katika kumbi zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi; Royal ya Vuga, iliyochorwa na Sinclair na kufunguliwa mwaka 1921, ilikuwa ya Jariwalla, na pale pale ndipo iliposimama Majestic ya miaka ya 1950. Na ndani ya picha hiyo, mtu mbaya ni mkopeshaji wa Kihindi. Babu alikataa kutoa senti za tiketi kwa sababu aliona fedha zake zinarudi kule kule zilikokwenda karafuu zake. Bibi alikwenda kwa siri, akakaa gizani, akamuona mtu aliyemnyang'anya mumewe akilaaniwa kwa Kihindi na Wahindi wenyewe. Nani kati yao alikuwa sahihi? Nimejaribu kuamua nimeshindwa. Lakini najua kwamba bibi alirudi na kitu ambacho babu hakuwahi kukipata: kwamba Radha naye, Muhindi kwelikweli, mwenye sari na tika, alinyonywa kama wao. Wakopeshaji wa Unguja walikuwa Wahindi, lakini Wahindi wengi wa Unguja hawakuwa wakopeshaji. Walikuwa mafundi cherehani, makarani, wauza mboga, na wengine wao walidaiwa pia. Ilichukua mapinduzi na machungu mengi watu walipolisahau hilo. Sinema ilikuwa inalisema kila wiki kwa senti chache.

Shangazi anasema bibi hakulia pale watoto wanapokufa kwenye mafuriko. Hapo alikaza. Alilia kwenye bangili. "Kila mara, bangili zikitoka mkononi tu, mama keshaanza." Bibi naye alikuwa na vikuku vya fedha alivyopewa siku ya harusi. Shangazi hajawahi kuviona.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa vitabu, na nilipofika hapa nilianza kujiuliza nilivyokuwa nikilitumia neno kuiga. Sisi wenyewe hapa Unguja fahari yetu ya riwaya ya upelelezi ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda mashindano ya uandishi na kutoka kitabu mwaka 1960, kina mpelelezi mwenye kiko, mtulivu, anayeona wengine wasichokiona, na kando yake yupo mwenzake wa kumshangaa. Kila aliyemsoma Sherlock Holmes anajua kiko kile kimetoka wapi. Na hakuna anayejali, kwa sababu maiti ya Bwana Ali imelazwa kwenye mzimu wetu, kwa imani zetu, na akili ya Bwana Msa inapambana na hofu ya kwetu, si ya London. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alichukua lahani za filamu za Kihindi akazitia mashairi mazito, mengine ya Ahmad Nassir, na wazee wanaozikumbuka nyimbo zile wanakumbuka maneno kwanza. Wakati huo huo wapo wanaochukua lahani ya Kihindi na kutia maneno mepesi kama bisi, na hao nao wanaitwa wameiga. Neno moja kwa vitendo viwili visivyofanana. Nilikuwa nalitumia neno hilo kama rungu.

Sitaki lakini mtu adhani sasa nimeishukia filamu hii kwa miguu yote miwili. Mwisho wake unaniudhi, na shangazi vilevile, ingawa kwa sababu nyengine.

Birju amekuwa jambazi. Anarudi siku ya harusi ya binti wa Sukhilala, anamuua Sukhilala, anamnyakua binti. Radha, aliyeahidi kwamba mwanawe hatomdhuru mtu, anachukua bunduki anampiga. Anakufa mikononi mwake. Kwa wahakiki wengi hapa ndipo ukubwa wa filamu: mama anamtoa mwanawe kwa ajili ya heshima ya kijiji, heshima ya mwanamke, na kwa hiyo heshima ya nchi mpya. Ni jibu la mwisho kwa Mayo. Sawa. Ila angalia kilichofanyika kwenye hesabu. Kwa dakika 150 deni limekuwa na sura ya sheria: wazee walikaa, wakaamua, robo tatu ya mavuno ni halali. Hakuna aliyeiuliza hukumu hiyo tena. Inapofika mwisho, deni limegeuzwa kuwa mtu mmoja mbaya, anauawa, na muuaji wake naye anauawa kwa kosa jengine, la kunyakua binti. Deni lenyewe halijahukumiwa. Limepita katikati ya maiti mbili likatoka salama. Mehboob, ambaye kampuni yake ilikuwa na nembo ya nyundo na mundu, alipofika kwenye mlango ule aliogopa kuufungua. Au alijua serikali isingemruhusu. Mimi naona aliogopa.

Isipokuwa kwa picha moja. Mfereji unafunguliwa, maji yanatoka, na maji yanakuwa mekundu. Ni muda mfupi tu kisha yanakuwa maji ya kawaida yanakwenda mashambani. Katika filamu yenye hotuba nyingi na machozi mengi, wekundu ule hauna hata neno moja, na nauamini kuliko hotuba zote.

Shangazi yeye anaudhika na Birju. "Mtoto mpumbavu. Angesoma." Na ni kweli, hili nalo lilinipita. Filamu inamwonyesha Birju akihangaika kujua hesabu, kwa sababu deni la mama yake limeandikwa kwenye daftari asiloweza kulisoma. Anajua wameibiwa, hajui wapi. Mkono unakwenda kwenye bunduki kwa kuwa haukwenda kwenye kalamu. Mtengenezaji wa filamu ambaye mwenyewe hakusoma alilijua hilo vizuri zaidi kuliko mimi.

Hatukufika kwenye mfereji siku ile, huo nilikuja kuutazama nyumbani peke yangu. Tulikuwa tumefika pale ambapo Sukhilala anamwambia Radha, mwenye njaa, mwenye watoto wenye njaa, kwamba atawalisha akikubali kuwa wake. Simu ya shangazi ikalia, ujumbe wa sauti. Akausikiliza kwa sikio moja, lakini simu yake ni ya kelele na mimi nikasikia. Mwanamke, sauti ya upole kabisa, anamkumbusha marejesho ya Jumatatu, na kwamba wiki iliyopita yalikuwa pungufu, na kwamba wenzake wa kikundi hawatokubali kumlipia tena.

Nikazima sauti ya televisheni. Kanhaiyalal akabaki anachezesha midomo.

"Shangazi, umekopa?"

"Kila mtu kakopa."

"Kiasi gani?"

Akanitazama kwa ile hali ya kutaka kucheka na kutotaka. "Laki tano. Mia tano zake huyo na laki tano zangu mie."

Ni ile mikopo ambayo mitaani wanaiita kausha damu. Jina hilo nimelisikia kwenye vichekesho, kwenye redio, nimelitumia mwenyewe nikichekesha watu. Alikopa kufungua mzigo wa mtumba, mzigo ukatoka mbaya, nguo zenye madoa, akauza kwa hasara. Dhamana aliyoweka ni televisheni ile tuliyokuwa tukiitazama, friji, na kitanda. Kofia anazozishona Jumapili si za kujipumbaza kama nilivyodhani.

Akaingia chumbani akatoka na karatasi, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, kama cheti cha ndoa. "Wewe umesoma fasihi," akasema. "Nisomee."

Nimesoma fasihi. Miaka mitatu ya chuo, na kumi ya kuandika kwenye kurasa kama hizi. Nikaisoma. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, hakina kosa la sarufi hata moja. Mkopaji anakubali, mkopaji ameelewa, mkopaji ameridhia. Nikaisoma tena. Ilisema riba ni kiasi fulani, na ada ya fomu kiasi fulani, na bima, na faini ya kuchelewa inayohesabiwa kwa siku, na kwamba malipo yatakatwa kwanza kwenye faini, kisha kwenye ada, kisha riba, kisha mkopo. Chini ilikuwa saini ya shangazi, kwa mwandiko wa skuli, herufi moja moja. Nikaisoma mara ya tatu kwa sauti. Nikajaribu kumweleza ni kiasi gani cha alicholipa mpaka leo kimekwenda kwenye laki tano zenyewe, nikashindwa.

"Umelipa wiki ngapi?"

"Kumi na nne."

"Zote?"

"Mbili nusu nusu."

Nikaomba kalamu. Daftari langu lilikuwa wazi mkekani kwenye orodha ya mambo kumi ya Mother India. Nikageuza ukurasa, nikachora mistari, wiki upande huu, alicholipa upande huu, na tukaanza kukumbuka, yeye kwa kushika vidole, mimi kwa kuandika. Wiki ya sita kulikuwa na msiba, alilipa au hakulipa? Alilipa, alikopa kwa jirani. Basi na hiyo ya jirani? Hiyo aliirudisha kwa kofia.

Tuliendelea mpaka magharibi ilipoadhiniwa. Nimerudi mara mbili tangu siku ile, mara ya pili na mwenzangu anayefanya kazi ya uhasibu. Hesabu ya shangazi na hesabu ya karatasi bado hazilingani, zinapishana kwa elfu 60 na kitu, na hakuna kati yetu watatu aliyegundua ni wiki gani.